Tunapochagua Maandazi kwa Kidole

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Juzi sikuwa na nazi mbele yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la kioo katika duka moja la keki mtaani Milimani, hapa Kisumu, na nilichokipata si koroma bali aibu. Nilikuwa nikitarajia wageni alasiri hiyo, na miongoni mwao alikuwamo shangazi yangu, ambaye ana maradhi ya kisukari na ambaye hali kitu chochote cha dukani kabla ya kuuliza kimetiwa nini.

"Japuonj, nikufungie gani?" aliniuliza binti aliyekuwa akiuza, akinipa heshima ya mwalimu kwa lugha ya hapa kwetu. Nikanyoosha kidole. "Nipe hiyo moja, na zile mbili za nyuma, na hiki cha pembeni." "Hiki au hicho?" "Kile."

Msomaji mpendwa, nimefundisha ngeli za nomino kwa miaka mingi. Alasiri ile nilivitumia viashiria vyote vya Kiswahili, vya karibu na vya mbali, bila ya kutamka nomino hata moja. Nilipomwuliza binti yule kile kitu cha mviringo kilikuwa kimetiwa sukari kiasi gani, alinisomea maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yamebandikwa kwenye sinia. Hayakuwa yakieleza lolote ila jina. "Sijui zaidi, mwalimu," akasema. "Jina lake ndilo hilo." Nilinunua, nikaenda zangu. Wageni walikula wakasifu. Shangazi alikunywa chai kavu, hakugusa kitu.

Simlaumu binti yule. Hakuna aliyempa jina jingine, na mimi niliyepaswa kumpa sikuwa nalo ulimini. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: inakuwaje lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliitaja kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ikome kwenye kioo cha kabati la keki?

Jibu la haraka litakuwa kwamba Kiswahili hakina majina ya vitu hivyo. Jibu hilo si kweli. Tulitazame neno maandazi. Asili yake ni kitenzi kuandaa, yaani kutayarisha, hasa chakula. Katika kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20, maandazi si kile kipande cha pembe tatu tu tunachokinywea chai leo, bali ni jina la jumla la vyakula vitamu vya unga, vya kila aina. Kwa hiyo duka la keki la Milimani, kwa Kiswahili cha babu zetu, lilikuwa tayari na jina: duka la maandazi. Sisi ndio tuliolibana neno hilo, tukalifungia katika karai la mafuta ya moto, kisha tukalalamika kwamba lugha ni maskini.

Tuchukue mfano mwingine. Ile keki laini isiyo na siagi, inayofura kwa sababu ya mayai yaliyopigwa sana pamoja na sukari, watu wa pwani huiita mkate wa mayai. Kwa desturi waliioka kwa makaa, mengine chini na mengine juu ya kifuniko, zamani kabla ya tanuri za umeme. Laiti neno hilo lingeandikwa pale Milimani, hata asiyejua kusoma Kiingereza angetambua kwamba kitu hicho kina mayai. Jina lenyewe lingekuwa limejibu nusu ya swali la mnunuzi.

Na huo ni mwanzo tu. Kuna mahamri, ambayo unga wake hukandwa kwa tui la nazi na iliki, ukaumuliwa kwa hamira. Kuna vitumbua, vya mchele uliorowekwa na kusagwa, vinavyopikwa katika chuma chenye vishimo. Kuna kaimati, vidonge vya unga vinavyokaangwa na kuchovywa katika shira. Kuna visheti, kuna vileja vya unga wa mchele na samli, kuna mkate wa sinia uitwao pia mkate wa kumimina, kuna kashata na halua. Mwanafunzi wa Kisumu anayeweza kuvitofautisha vitu hivi ni nadra, si kwa kuwa Mombasa ni mbali, maana keki zenyewe zilitoka mbali zaidi zikafika.

Atatokea mtu aseme kwamba haya nayo ni maneno ya kigeni. Naam, mengi ni ya kigeni. Kaimati limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya matonge madogo. Halua nalo ni Kiarabu, kutokana na utamu. Sambusa lilitoka Uajemi likapitia Uarabuni. Lakini ni nani leo anayeuliza hati za kusafiria za sambusa? Neno likishaliwa kwa miaka mia kadhaa huwa limekwisha kuwa la nyumbani. Kisumu yenyewe ni shahidi. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, ilileta Waingereza, Wahindi na watu wa pwani, kila kundi na jiko lake. Wajaluo wakaupokea mkate wakauita makati, wala hawakungoja baraza lolote liwape idhini. Hata majina ya mahali yalifuata njia hiyo. Milimani ni milima iliyotiwa kiambishi -ni cha mahali. Na Miwani, kulikojengwa kiwanda cha sukari mwaka 1922, ni mahali pa miwa. Mji ambao mitaa yake na sukari yake vimebeba majina ya Kiswahili hauna sababu ya kukosa Kiswahili cha keki.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana asiyekiri lake hana haki ya kukosoa la mwenziwe. Nilipokuwa mwalimu chipukizi wa shule ya upili, mwanafunzi mmoja aliandika insha kuhusu Krismasi kijijini kwao. Alieleza jinsi mamake alivyorudi kutoka sokoni na skonzi sita, nao watoto wakagawana nusu nusu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno skonzi, juu yake nikaandika maandazi, na pembeni nikaongeza: "Tumia Kiswahili sanifu." Leo ninaona nilichokifanya. Skonzi huokwa, maandazi, katika matumizi yetu ya sasa, hukaangwa. Mwanafunzi alikuwa ameutaja ukweli kwa neno ambalo kila muuza duka analijua. Mimi nilimlazimisha mama yule anunue kitu ambacho hakukinunua, kwa ajili ya usafi wa lugha. Sikumbuki mwanafunzi huyo kuandika tena habari za kwao. Insha zake zilizofuata zilijaa misemo ya vitabuni.

Wala sikuwa peke yangu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, jambo ambalo lilikinufaisha sana. Lakini mtihani nao ulituzoesha vibaya. Tuliwafunza watoto kwamba mwana wa sungura ni kitungule, na wengi wao hawajapata kumwona kitungule maishani. Hatukuwafunza jina la kitu wanachokitafuna kila siku saa nne kamili wakati wa mapumziko. Msamiati ukawa mapambo ya insha. Mtoto akitoka darasani huuvua kama sare ya shule.

Ili tusidhani kwamba tatizo hili ni la Waafrika pekee, tuwatazame Wacheki wa Ulaya ya kati. Baada ya kushindwa vita vya Mlima Mweupe karibu na Prague mwaka 1620, lugha yao ilizidi kusukumwa kando na Kijerumani. Kufikia mwisho wa karne ya 18, mtu aliyetaka kuonekana msomi mjini alisema Kijerumani. Kicheki kilikuwa zaidi lugha ya mashambani na jikoni. Wanaisimu tunapenda kumsifu Josef Jungmann, aliyetoa kamusi yake kubwa ya juzuu tano kati ya 1834 na 1839. Anastahili sifa. Lakini kabla yake, mwaka 1826, mama mmoja aitwaye Magdalena Dobromila Rettigová alikuwa ametoa kitabu cha mapishi kwa Kicheki. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa kwa Kijerumani, akajifunza Kicheki baadaye. Kitabu chake kiliingia majumbani ambako kamusi za wataalamu hazingeingia, na huhesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyoipatia lugha ile wasomaji.

Leo aingiaye duka la keki mjini Prague huchagua kwa jina, na majina mengi ni maneno ambayo mtoto wa Kicheki anayajua. Ile iitwayo rakvička maana yake ni jeneza dogo, kwa umbo lake. Věneček ni shada dogo la maua. Větrník ni kinu cha upepo kama kile cha kuchezea watoto. Medovník hutokana na asali iliyomo ndani. Na koláč hutokana na neno lenye maana ya gurudumu. Hakuna aliyekwenda chuo kikuu kuyatunga maneno hayo. Mpishi alitazama alichokipika, akakiita kwa mfano wa kitu alichokijua. Tena ajabu ni kwamba baadhi yake yana kiambishi cha udogo, sawasawa na kitumbua, kisheti na kileja vilivyojipanga katika ngeli yetu ya KI-VI. Wala Wacheki hawakuogopa kukopa: štrúdl waliichukua kwa Wajerumani wale wale, wakaiandika kwa tahajia yao, wakaila.

Kuna jambo jingine lililonifariji. Wacheki waliohamia jimbo la Texas, Marekani, walikwenda na koláč zao. Waamerika wakalisikia umbo la wingi, koláče, wakadhani ni la umoja, wakaliongezea alama ya wingi ya Kiingereza juu yake. Sisi tulifanya vivyo hivyo: tuliyasikia maneno ya Kiingereza yenye alama ya wingi mwishoni, tukapata skonzi moja. Hili si kosa la wajinga. Ndivyo lugha zote hai zinavyokula: humeza kwanza, zikatafuna baadaye. Neno lile nililolikata kwa wino mwekundu lilikuwa limefuata njia halali kabisa.

Najua wenye maduka wana hoja yao. Watasema wateja wa Milimani wanapenda Kiingereza, na jina la Kiingereza huipandishia keki hadhi na bei. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Lakini simwombi mtu yeyote abandue Kiingereza chake. Ninamwomba aongeze mstari mmoja chini yake: keki ya ndizi, mkate wa mayai, keki ya asali, pai ya nyama. Mteja anayeelewa anachokinunua huuliza, na anayeuliza hurudi. Shangazi yangu angekula kitu siku ile iwapo mtu angeweza kumwambia kimetiwa nini.

Pale pasipo na jina, tusione haya kulitafuta. Ule mkate wa siagi wenye tabaka nyingi, uliopinda kama mwezi mwandamo, Wafaransa waliuita hilali. Wacheki wana mkate wao uliopinda, wakauita pembe ndogo. Sisi tuna pembe na tuna hilali. Nini kinachotuzuia kuuita kipembe? Neno hilo likikataliwa na wanunuzi, na lifu. Likikubaliwa, litaingia katika kamusi kwa miguu yake lenyewe.

Walimu wenzangu, mgao mkubwa wa kazi hii ni wetu. Kabla ya kukata neno katika insha ya mwanafunzi, tujiulize kwanza kama tunajua kitu anachokizungumzia. Tuwafundishe mahamri na vileja bila ya kuwanyang'anya skonzi. Nanyi wanafunzi, nawapa zoezi lisilo na alama: nendeni dukani, kioskini au sokoni Kibuye, ulizeni kila kilichopikwa kinaitwaje, kimetiwa nini, kimeokwa au kimekaangwa, kisha mwandike majibu kwa Kiswahili.

Mimi nimekwisha kulianza langu. Juma lililopita nilirudi katika duka lile, nikamwambia binti yule: "Nipe mkate wa mayai, mwanangu." Alinitazama kidogo. Nikamwonyesha, kwa kidole tena, nikamweleza ulivyopikwa na kwa nini unaitwa hivyo. "Kumbe una jina," akasema, akachukua kalamu na kuliandika nyuma ya risiti.