Mishiko Mitatu ya Gita Yatosha Kuanza

Ukitaja neno panki mbele yetu mafrateri, wa kwanza kumkumbuka ni kinyozi. Panki kwetu ni ule mtindo wa nywele nyingi utosini na chache pembeni, ambao padre mlezi akiuona kichwani mwa mwanafunzi humrudisha kwenye mkasi kabla ya chakula cha mchana. Wachache wanajua kwamba kabla neno hilo halijafika katika vibanda vya vinyozi, lilikuwa jina la muziki wa vijana wa New York na London, miaka ya sabini ya karne iliyopita.

Muziki huo una sifa mbaya. Ni wa kelele, matusi hayakosekani, na waliouanzisha hawakuwa watoto wa sakristia. Hata hivyo, katika makala haya tunapenda kuutetea kwa jambo moja: bendi zile za mwanzo zilifundisha watu wasio na kitu kuanza na walicho nacho, bila kusubiri ruhusa wala mfadhili. Somo hilo tunalihitaji.

Tukiri kwanza kwamba masikio yetu, yaliyozoea sauti nne za kwaya, hayakufurahi. Tumezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya bendi hizo kuanza, na tumezisikiliza kwenye simu, Jumapili jioni, tukigawana spika za masikioni, sikio moja moja. Mwenzetu mmoja alivumilia nyimbo mbili akaenda kufua soksi. Waliobaki walianza kuuliza: hawa walifanyaje?

Tuanze na Ramones, vijana wanne wa mtaa wa Forest Hills, Queens, New York, waliokusanyika mwaka 1974. Wakati ule muziki wa roki ulikuwa umekuwa mali ya mabingwa: nyimbo ndefu, vyombo vya bei kubwa, na viwanja vilivyojaa maelfu ya watu wakimtazama mwanamuziki kwa mbali kama mtu anavyotazama ndege ikipita angani. Ramones walikwenda njia nyingine. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1976, ilikuwa na nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazikufika nusu saa. Kuirekodi kuligharimu takriban dola 6,400, fedha kidogo kwa viwango vya kampuni za muziki za wakati huo. Aliyejua mishiko mitatu ya vidole kwenye gita angeweza kuzipiga karibu zote.

Mwaka huohuo, tarehe 4 Juni, vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliialika bendi ya Sex Pistols kutoka London kupiga katika ukumbi mdogo mjini Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Waliofika walikuwa makumi tu. Mmoja wao, Peter Hook, hakuwa mpigaji wa chombo chochote. Kesho yake alikwenda kununua gita la besi, na pamoja na rafiki yake Bernard Sumner, aliyekuwa naye ukumbini, akaanzisha bendi ambayo baadaye iliitwa Joy Division. Onyesho lile halikuwa zuri sana. Nguvu yake ilikuwa kwamba waliotazama waliona watu kama wao, wenye kasoro kama zao, wakiwa wamesimama jukwaani.

Devoto na Shelley nao walikuwa na bendi yao, Buzzcocks. Kampuni kubwa zilikuwa London, na wao hawakwenda kuzibishia hodi. Waliazima pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne siku moja ya Desemba 1976, na mwishoni mwa Januari 1977 wakatoa santuri iitwayo Spiral Scratch kwa jina la lebo waliyoianzisha wenyewe, New Hormones. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi. Mwishowe ziliuzwa kama 16,000. Juu ya jalada waliandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi hadi kukubalika, na sauti zipi ziliongezwa baadaye. Mwaka 1978 bendi ya Scritti Politti ya London ilikwenda mbali zaidi: juu ya jalada la santuri yake ya kwanza ilichapa gharama zote, kuanzia studio hadi kiwanda cha kukandamiza santuri, ili msikilizaji akitaka kutoa yake ajue atafute shilingi ngapi.

Tufikiri kidogo hapo. Fundi kwa kawaida hulinda siri ya ufundi wake, kwa sababu siri ndiyo mkate wake. Hawa waliitoa siri bure, tena kwa yule ambaye kesho angeweza kuwa mshindani wao.

Katika Kitabu cha Pili cha Maadili ya Nikomako, Aristoteli anaeleza kwamba fadhila hupatikana kama ufundi unavyopatikana, yaani kwa kutenda. Na mmoja wa mifano yake ni mpiga kinubi. Tumekikariri kipengele hicho kwa ajili ya mtihani. Lakini mara ngapi tumeishi kinyume chake? Tunasema: tukishakuwa wazuri tutaanza, tukishapata vyombo tutajifunza. Vijana wa Manchester, ambao huenda hawakuwahi kufungua kitabu hicho, walikielewa vizuri kutuzidi. Walipiga vibaya hadharani mpaka wakajua kupiga.

Tunamtaja pia dada mmoja, Poly Styrene. Baba yake alikuwa Msomali. Aliwaona Sex Pistols siku alipotimiza miaka 19, Julai 1976, kisha akatoa tangazo gazetini kutafuta wenzake na kuunda bendi ya X-Ray Spex. Alipanda jukwaani akiwa na nyaya za kunyoosha meno, bila kujaribu kufanana na wasichana wa kwenye majarida, na aliimba juu ya watu waliogeuzwa wanunuzi mpaka hawajui tena wao ni nani. Tarehe 30 Aprili 1978, katika bustani ya Victoria Park, mashariki mwa London, alikuwa miongoni mwa walioimba kwenye tamasha kubwa la kupinga ubaguzi wa rangi, pamoja na The Clash na Steel Pulse. Katika biashara ya muziki ya wakati ule, msichana kama yeye angesubiri sana kuchaguliwa. Hakusubiri.

Wapo watakaotuuliza: je, mnataka kutuletea uhuni seminarini? Swali ni la haki, nasi hatulikwepi. Sid Vicious wa Sex Pistols alikufa kwa heroini tarehe 2 Februari 1979, akiwa na miaka 21, umri mdogo kuliko wa wengi wetu. Baadhi ya vijana wale walivaa alama ya Wanazi ili tu kuwaudhi wakubwa, na maumivu ya watu hayapaswi kuwa pambo la mtu. Ujasiri wa kuanza haumtoshi mtu. Anayejiweka huru na kila bwana anaweza kuishia mtumwa wa sindano.

Lakini jibu la swali hilo lilitoka ndani ya muziki huohuo. Jijini Washington, Marekani, kulikuwa na bendi ya wanafunzi iitwayo Teen Idles. Ilipovunjika mwaka 1980, kulikuwa na akiba ya dola mia kadhaa, malipo yote ya maonyesho yao. Wangeweza kugawana. Wakaamua kutoa santuri moja ya kumbukumbu, na ndivyo lebo ya Dischord ilivyozaliwa. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyabandika kwa gundi wao wenyewe, moja baada ya jingine. Mmoja wao, Ian MacKaye, akiwa na bendi iliyofuata, Minor Threat, alitunga mwaka 1981 wimbo mfupi wa kukataa ulevi na dawa za kulevya, na jina la wimbo huo, Straight Edge, likawa jina la vijana wengi waliochagua kuishi hivyo. Alama yao ilikuwa herufi X kubwa nyeusi mgongoni mwa kiganja. Mwanzoni ilikuwa alama ya mlangoni, ili mhudumu asimuuzie pombe aliye chini ya umri. Wao waliigeuza kuwa fahari. Sisi tunaojifunza kila siku kwamba kujinyima kunaweza kumweka mtu huru, tuliposoma habari hiyo tulijiona tumekutana na jamaa tusiowatarajia.

MacKaye baadaye alikuwa katika bendi ya Fugazi. Walishikilia kiingilio cha kama dola tano, milango wazi kwa watu wa umri wowote, na hawakuuza fulana zenye jina lao. Walipiga hata katika kumbi za makanisa. Kampuni kubwa ziliwataka, wao wakabaki na lebo yao ndogo. Hapo tunaona nusu ya pili ya somo: baada ya kuthubutu kuanza, kuna uaminifu wa kila siku, wa bei ya haki na hesabu iliyo wazi.

Sasa turudi nyumbani. Sisi ni kundi la mafrateri tisa tunaotunga nyimbo. Tulikuwa na nyimbo sita zilizokamilika, na kwa miaka miwili tulikuwa tukitafuta mfadhili wa kutupeleka studio. Tuliandika barua, tukaandika bajeti, tukaandika barua ya kukumbushia barua. Katika miaka hiyo miwili hatukutunga wimbo wa saba. Ufadhili si dhambi, na wengi wetu tunasoma kwa ukarimu wa wengine. Dhambi yetu ilikuwa kuufanya uwe sharti la kufanya kazi ambayo tayari tulikuwa na koo za kuifanyia.

Mwezi uliopita tulirekodi nyimbo zote sita kwa simu mbili, Jumamosi alasiri, katika chumba cha kupigia pasi, kwa kuwa nguo zilizotundikwa huzuia mwangwi. Ukisikiliza kwa makini utasikia jogoo katika wimbo wa nne. Katika wa tano, sauti ya tatu imepwaya kwenye ubeti wa mwisho. Tuliurudia mara saba. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora. Gharama yote ni shilingi 6,000 za kununua bando, nasi tumeiandika chini ya kila wimbo, ili frateri au mwanakwaya wa kigangoni atakayeisoma ajue kiasi cha kutafuta. Wimbo wa saba tumeanza kuutunga juzi.