Mstari wa Robine, Mstari wa Kompyuta

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa naandaa tasnifu yangu, chuo kimoja cha nje kilitufungulia sisi wanafunzi wachache akaunti kwenye kompyuta zake za pamoja, yaani mashini nyingi zilizounganishwa na kutumiwa na watafiti wengi. Niliingia usiku, nikafungua programu ya R, nikaipa kazi, nikalala. Asubuhi kazi ilikuwa imekatwa, na barua ya msimamizi ilikuwa inaningoja. Kazi yangu nilikuwa nimeiendesha kwenye mashini ya mlangoni, ile ambayo kila mtu hupitia ili kuingia, hadi wenzangu wakashindwa hata kufungua faili zao.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nilirekodi mazungumzo sokoni hapa Lubumbashi ili kujua ni nani anasema "bitabu" na "bintu", ni nani anasema "vitabu" na "vitu", na ni wakati gani mtu yuleyule anahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtu aliyesema "bi-" mara hamsini hawezi kuhesabiwa kama watu hamsini. Modeli inapaswa kumtambua kila msemaji. Kisha nilitaka kurudia hesabu mara 10,000, kila mara kwa sampuli iliyochotwa upya, nione kama matokeo yanasimama. Kwenye kompyuta yangu ndogo nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu umeme ulikatika kabla ya nusu.

R ilianzishwa Auckland, New Zealand, na watakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kawaida hesabu zake nyingi hutumia kiini kimoja tu cha prosesa, hata mashini ikiwa na viini 64. Mimi nilikuwa nimejifunza amri inayohesabu viini vya mashini, nikavichukua vyote. Sikujua kwamba amri ile hutaja viini vya mashini nzima, wala haiulizi wewe umepewa vingapi.

Anayekaa mtaa wenye robine moja anaelewa mambo haya bila mwalimu. Bidoni zinapangwa mstari, na hakuna anayeweka pipa chini ya robine watu wakiangalia. Kwenye kompyuta za pamoja ni vilevile. Unaandika skripti fupi, unataja unachohitaji, tuseme viini 8, gigabaiti 16 za kumbukumbu na saa 3, halafu unaikabidhi kwa programu inayopanga mstari, kama Slurm. Yenyewe inakutafutia nafasi kwenye mashini za ndani. Ukiomba kidogo, mara nyingi unapenyezwa mapema katika nafasi ambayo kazi kubwa haiwezi kuijaza. Ukiomba kupita kiasi, unangoja sana na unawanyima wengine. Ukiomba pungufu, muda ukiisha kazi inakatwa. Na ukishaikabidhi, umeme wa kwako ukatike usikatike, kazi inaendelea.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili lifundishwe hapa kitivoni, kwa saa chache tu ndani ya semina ya mbinu za utafiti, kabla mwanafunzi hajaanza kukusanya data. Najua jibu la baadhi ya walimu wetu, ambao nawaheshimu: hiyo ni kazi ya watu wa polytechnique, sisi ni watu wa lugha. Mwenzetu wa polytechnique anaweza kutusaidia kupanga mstari. Lakini je, ni yeye atakayeamua kama "bintu" ya mama muuza mboga ni kosa au ni kanuni? Uamuzi huo unafanyika ndani ya skripti: neno gani lihesabiwe, lipi liachwe, msemaji gani awekwe kundi gani. Tukiwaachia wengine skripti, tumewaachia uamuzi, na tutaendelea kusoma habari za lugha yetu katika makala za watu wasioizungumza.

Liko pia suala la sauti zenyewe. Kwenye mashini ya pamoja, jalada lililoachwa wazi linaweza kusomwa na watumiaji wengine. Wale mama wa soko walinikubalia mimi, hawakuwakubalia wageni. Kwa hiyo kufunga jalada na kuondoa majina kabla ya kupandisha faili ni sehemu ya somo hilohilo, tena ndiyo sehemu ya kwanza.

Mara ya pili niliomba viini 8 na saa 3, nikangoja zamu yangu. Usiku ule umeme ulikatika tena nyumbani. Ulipurudi asubuhi, nilikuta hesabu zote 10,000 zimekamilika, na hakuna mtu aliyenung'unika. Skripti ile ninayo bado, nimeiwekea maelezo kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Anayeihitaji aje tukae pamoja maktabani.