Tuacheni Tushuke Daraja

Nyumbani kwangu Katwe nina fulana tisa. Zote nilizipata kwenye makombe: Kombe la Amani, Kombe la Siku ya Wakimbizi, Kombe la Usafi, Kombe la kupinga hiki na kile. Kila moja ina nembo ya shirika kifuani. Mbili mke wangu anapigia deki, nyingine tunalalia. Sizidharau, nguo ni nguo. Lakini nimefundisha vijana wetu mpira hapa Kampala miaka kumi na moja, na nikihesabu tulichopata, ni hizo fulana.

Leo nataka niseme wazi, kwenu ndugu zangu wakimbizi na kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili. Makombe ya siku moja yanatupotezea vijana. Tunataka ligi. Tena tunataka ligi ya kweli, ile ambayo timu inapanda na timu inashuka.

Nianze na habari ya Jogoo. Jirani yangu ni mzee Muganda, fundi cherehani, shabiki wa SC Villa tangu ujana wake. Timu hiyo hapa mjini inaitwa Jogoo, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ndilo neno lililotufanya tuzoeane, maana nilicheka kulisikia katikati ya Kiganda chake. Mzee akaniambia, "Unacheka, lakini unajua walianzia wapi?" Sikujua. Mimi niliwajua kama timu kubwa tu.

Kumbe walianza mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys. Vijana wa mjini, basi. Mwaka 1979 wakapanda hadi ligi kuu, wakiitwa Nakivubo Villa. Mwaka 1981 wakawa SC Villa, na mwaka 1982 wakachukua ubingwa wa Uganda. Miaka saba tu, kutoka kuanzishwa mpaka ubingwa. Mwaka 1991 walicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na Club Africain ya Tunisia, wakafungwa 6–2 kule na kutoka sare 1–1 hapa Kampala. Mpaka 2004 walikuwa na ubingwa mara 16, kisha wakakaa miaka 20 wakiusubiri wa 17, wakaupata 2024.

Sasa angalieni mwaka wenyewe waliopanda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliorudi nalo kutoka uhamishoni. Idi Amin akakimbia. Maduka yaliporwa. Watu wa West Nile walianza kukimbia kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire. Ndiyo, Zaire, kwetu. Mwaka ule mkimbizi alikuwa Mganda na mwenyeji alikuwa Mkongo. Katikati ya hayo yote timu ya vijana ikapanda daraja. Mzee anasema, "Sukari hakuna, sabuni hakuna, lakini ligi ipo. Ukishinda unapanda. Hilo hata Amin hakuliondoa."

Mimi nilibaki na neno hilo. Kilichowapandisha Nakivubo Boys si amani, maana haikuwepo. Si pesa za mradi. Kulikuwa na ngazi, na mguu wa ngazi ulikuwa chini, mahali ambapo kijana asiye na kitu anaweza kukanyaga.

Mfano mwingine ni KCC, ambayo leo ni KCCA. Ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa halmashauri ya jiji, watu wa idara ya maji machafu. Mpaka leo wanaitwa Kasasiro, yaani takataka, na mashabiki wao wanalipenda jina hilo. Walikuwa mabingwa wa Uganda mwaka 1976, na mwaka 1978 wakawa mabingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati. Nauliza: je, kuna mtu aliwaambia, "Nyinyi wa maji machafu ni kundi lenye mahitaji maalumu, tutawaandalia kombe lenu mcheze wenyewe kwa wenyewe"? Hapana. Waliingia chini pamoja na wengine, wakapanda pamoja na wengine.

Sisi tunaandaliwa kombe letu. Saa mbili asubuhi mnafika uwanjani. Mechi ni dakika ishirini ishirini ili timu kumi na mbili zimalize kabla ya giza. Kuna hotuba, kuna picha, kuna soda. Saa kumi na moja jioni mshindi anainua kikombe. Kesho yake hakuna kitu. Aliyefungwa hana mechi ya kujirekebisha, aliyeshinda hana pa kupanda. Anasubiri mwaka ujao, kama bajeti itapatikana.

Mtoto wa dada yangu alichaguliwa mchezaji bora mara tatu kwenye makombe hayo, akiwa na miaka kumi na tano, kumi na sita na kumi na saba. Mshambuliaji, miguu yote miwili. Picha yake iliingia kwenye ripoti ya shirika moja, jina silitaji. Baada ya kombe la tatu aliniuliza, "Tonton, na kesho tunacheza na nani?" Sikuwa na jibu. Leo ana miaka ishirini na mbili, anabeba marobota ya mitumba pale Owino. Mnajua soko la Owino lilipo: ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo. Kila siku anapita na robota kichwani kando ya uwanja ambao timu ya vijana ya 1975 ilichukua jina lake. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Bukavu kabisa, alimwangalia yule mtoto akasema, "Mutoto hashibake na picha."

Najua majibu ya mashirika, nimeyasikia mikutanoni. La kwanza: lengo la kombe ni amani na utangamano, si kutafuta wachezaji. Sawa. Lakini utangamano gani huo, wakati Mkongo anacheza na Mrundi, Msomali anacheza na Msudani Kusini, na Mganda yuko nje ya uzio anatazama? Kwenye ligi ya wilaya utacheza na vijana wa Ndeeba Jumamosi hii na wa Kibuye Jumamosi ijayo. Watakutukana, utawafunga, watakufunga, mwisho wa msimu mnajuana majina. Mimi na yule mzee fundi hatukupatanishwa na semina. Tulipatanishwa na Jogoo.

La pili: ligi ni ghali. Tuhesabu pamoja. Jukwaa, hema, vipaza sauti, chakula cha wageni, fulana mia tatu, kikombe, mpiga picha. Hizo zote ni za siku moja. Fedha hiyo ikienda kwenye ada ya kusajili timu, mipira, viatu na nauli ya teksi, inafika mbali. Na mkisema mradi wenu unaisha Desemba, mimi nasema hata msimu wa mpira una mwanzo na mwisho. Kinachotakiwa ni uamuzi.

La tatu ni karatasi. Hapa nakubali, ni kazi. Tulipojaribu kusajili wachezaji wetu tulirudishwa mara mbili kwa sababu ya vitambulisho. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea, na kila shirika lina mtu anayejua sheria. Mnatusindikiza polisi, mnatusindikiza hospitali. Tusindikizeni na kwenye ofisi ya ligi.

Kuna la nne ambalo halisemwi, linabandikwa ukutani. Ni picha ya Alphonso Davies, aliyezaliwa kambi ya Buduburam kule Ghana, na ya Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma, Kenya, akachezea Australia kwenye Kombe la Dunia la 2022. Picha nzuri. Lakini Davies alipandia Kanada na Mabil alipandia Australia. Kambi iliwazaa, ngazi waliikuta kwingine. Ukimwonyesha kijana wa Nakivale picha hiyo bila kumpa ligi, unamwambia kwa upole kwamba dawa ni kuondoka.

Na sisi wenyewe je? Siwezi kuwasema wengine nikaacha kwetu. Timu zetu nyingi ni za kabila au za kanisa, zinaamka kombe likitangazwa, zinalala kombe likiisha. Viongozi wetu tunapigania jezi mpya, tukishapewa hatuji mazoezini. Mimi nimo. Nimekubali makombe tisa bila kuuliza swali moja. Halafu tunasahau tulikotoka. Bukavu tulikuwa na Muungano na Bukavu Dawa, na siku ya mechi yao Kadutu haipitiki. Lubumbashi wana Mazembe, waliofika fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka 2010. Sisi ni watu wa ligi. Nani alitufundisha kuridhika na soda?

Nchi hii ina ngazi: Ligi Kuu, chini yake Big League, chini yake ligi za kanda, chini yake ligi za wilaya. Ninachoomba ni kidogo. Msimu ujao, shirika moja liache kombe moja. Pesa hiyo isajili timu moja, yenye wakimbizi na Waganda pamoja, kwenye ligi ya chini kabisa, na iihudumie mpaka mechi ya mwisho. Msiandike jina la shirika kifuani. Andikeni namba mgongoni.

Labda tutafungwa kila wiki. Tuacheni tufungwe. Mtu asiyeruhusiwa kushindwa anachukuliwa kama mgonjwa, na sisi tumechoka kuwa wagonjwa kwenye uwanja wa mpira. Nataka siku moja jarida hili liandike kwamba timu ya Katwe imeshuka daraja, ukurasa huo niubandike ukutani. Ligi ya chini kabisa haina pa kushuka, najua. Ili ushuke lazima kwanza upande. Basi tuanzie hapo hapo chini, walipoanzia Nakivubo Boys.