Kumwogesha mzee ni kazi ya afya

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele. Makazi ya wazee ni kimbilio la mwisho. Basi mzee wa Ujiji au Kibirizi, Kigoma, anayefikishwa huko mara nyingi hana wa kumshika mkono hadi bafuni. Asiyeweza kujigeuza, akilalia shuka lenye mkojo, ngozi hulainika, huchubuka, kisha hutoka vidonda ambavyo kuvitibu ni ghali kuliko sabuni. Wapo watakaosema kuogesha hakuhitaji mafunzo. Kunahitaji: kumgeuza kila baada ya saa chache, kumkausha kwenye mikunjo, kumsitiri kwa kanga huku akioshwa kiungo kimoja kimoja, na bibi ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Ziwa Tanganyika lina maji tele, lakini maji hayamwogeshi mtu. Bajeti ya makazi ya wazee ianze na mishahara ya wahudumu wa zamu ya usiku.