Mambo ya Ulimwengu: Hekalu la Yasukuni na Ugomvi wa Mataifa

Kuwaombea marehemu ni tendo jema, na kila tarehe 2 Novemba twaenda makaburini pamoja na watoto wetu. Basi wengi watashangaa kusikia ya kuwa tarehe 26 Desemba 2013 Waziri Mkuu wa Japani, Bwana Abe Shinzo, aliinamisha kichwa kwa heshima ya wafu wa nchi yake, na mara Uchina na Korea ya Kusini zikawaita wajumbe wa Japani ili kuwalaumu. Hata Wamarekani, rafiki zake wakubwa, walitangaza kwamba wamesikitika. Je, tangu lini kuwakumbuka wafu kumekuwa kosa?

Yatupasa kwanza kujua mahali penyewe. Yasukuni ni hekalu la dini ya Shinto mjini Tokyo, lililoanzishwa mwaka 1869. Hapana kaburi pale, wala mfupa. Yapo majina tu, karibu milioni mbili na nusu, ya watu waliokufa vitani kwa ajili ya Mfalme, nao huheshimiwa kama roho takatifu. Wengi wao walikuwa vijana wa mashamba, waliotumwa mbali wasirudi tena. Mama wa Kijapani aliyempoteza mwanawe alikwenda pale kumlilia, naye hatuwezi kumhukumu.

Lakini mwaka 1978 wakuu wa hekalu waliongeza kwa siri majina mengine 14. Haya yalikuwa majina ya wakubwa walioshtakiwa mbele ya mahakama ya mataifa mjini Tokyo, baada ya vita kuisha, kwa kosa la kuanzisha na kuendesha vita vya uonevu. Saba kati yao walinyongwa tarehe 23 Desemba 1948. Mmoja ni Jenerali Tojo, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mwingine ni Jenerali Matsui, ambaye askari wake waliua watu wengi mno katika mji wa Nanjing mwaka 1937. Habari hizo zilijulikana kwa watu wote mwaka 1979. Tangu hapo, mtu akiinama kwa ajili ya kijana wa shamba, huinama pia mbele ya yule aliyemtuma kufa.

Mfalme Hirohito mwenyewe alilitambua jambo hili. Alikwenda Yasukuni mara ya mwisho mwaka 1975. Mwaka 2006 gazeti moja la Tokyo lilifunua maandishi ya mtumishi wake mkubwa, na humo Mfalme alieleza kuwa aliacha kwenda kwa sababu ya majina yale. Mwanawe, Mfalme Akihito, hakukanyaga pale muda wote wa utawala wake.

Wanasiasa hawakuwa na busara ile. Bwana Nakasone alikwenda kwa jina la serikali tarehe 15 Agosti 1985. Wanafunzi wa Beijing wakaandamana kwa hasira, na mwaka uliofuata akabaki nyumbani. Bwana Koizumi alikwenda kila mwaka tangu 2001 hata 2006. Mwezi wa Mei 2005, Mama Wu Yi, mmoja wa wakuu wa serikali ya Uchina, alikuwa amekwisha kufika Tokyo, akavunja mkutano wake na Koizumi, akarudi kwao. Mawaziri wakuu Suga na Kishida hawakwenda wakati wa kutawala kwao. Walipeleka sadaka tu, na majirani walinung'unika hata hivyo. Kusema kweli, wakubwa wa nchi zile nao wanajua kutumia hasira ya watu wao wakati inapowafaa. Lakini kilio cha Nanjing si cha kubuni.

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya kulifuata shauri hili kwa makini. Mwaka 1932 wanafunzi wachache Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Mapadri Wayesuiti mjini Tokyo walipelekwa Yasukuni na afisa wa jeshi, nao wakakataa kuinama. Jeshi likakasirika, likamwondoa afisa wake chuoni, na magazeti yakawashambulia Wakatoliki. Askofu Mkuu aliiuliza serikali maana ya kuinama kule, akajibiwa kwamba si ibada, ni alama ya kuipenda nchi tu. Kwa sababu ya jibu hilo, Roma iliwaruhusu waamini mwaka 1936 kuhudhuria. Leo mambo yamegeuka. Sheria kuu ya mwaka 1947 yakataza serikali kushiriki katika ibada yo yote. Basi waziri akiulizwa, hujibu kwamba alikwenda kusali kama mtu binafsi. Zamani haikuwa dini, sasa ni dini ya moyoni mwake! Maaskofu wa Japani wamezipinga ziara za namna hii.

Wako na wengine wenye uchungu, nao husahauliwa. Korea na Taiwan zilikuwa makoloni ya Japani, na maelfu ya vijana wao waliokufa katika jeshi la mtawala wao wameandikwa Yasukuni. Jamaa za Kikorea wameomba majina ya baba zao yafutwe. Hekalu limekataa, likisema roho zilizokwisha kuunganishwa haziwezi kutenganishwa tena. Kumbe Bwana Lee Teng-hui, aliyekuwa Rais wa Taiwan, naye Mkristu wa Kiprotestanti, alikwenda pale mwaka 2007 kwa ajili ya kaka yake aliyefia Manila. Hakuwa na mahali pengine pa kumkumbuka.

Si mbali na hekalu hilo pana makaburi ya Chidorigafuchi, yaliyofunguliwa mwaka 1959. Hapo imewekwa mifupa ya watu zaidi ya laki tatu waliokufa vitani ng'ambo na wasiojulikana majina. Hapana padri wa dini yo yote anayepamiliki, wala mkubwa anayetukuzwa. Mwezi wa Oktoba 2013 mawaziri wawili wa Marekani, Bwana Kerry na Bwana Hagel, waliweka maua hapo. Hakuna balozi aliyeitwa kulaumiwa. Bwana Abe aliyaona hayo, na karibu miezi mitatu baadaye akaenda Yasukuni.