Mfuko wa Mama: Januari isikukute na karatasi ya daftari



Juma hili mfuko wetu hauongei bei ya muhogo. Unaongea feza ya Leta, ile tunayoikimbia mpaka inatukuta jikoni.

Nianze na yangu. Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga kwanga. Mwanaume mmoja akaingia uani na daftari mkononi. Akasema: "Mama, hujalipa ya mwaka. Tukiandika faini, utalia." Mikono yangu ilijaa muhogo, maji yalikuwa yanachemka, na sikutaka majirani wasikie. Nikampa franka 40.000, feza niliyoweka kwa shule ya mtoto wangu wa tatu. Akachana karatasi ya daftari, akaandika jina langu na hesabu, akatia saini. Nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya kabati.

Majuma mawili yakapita, akaja mwingine. Nikamtolea karatasi yangu. Akaiangalia, akacheka: "Mama, hii ni ya kufungia karanga." Nikalipa mara ya pili. Mtoto akarudishwa kutoka shuleni, akakaa nyumbani siku nane. Jioni moja akaniuliza: "Mama, ile feza yangu ilienda wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Leo ninalo. Ilienda kwa sababu mama yake hakujua mambo matatu: mlango, tarehe na karatasi. Tuyatazame moja moja.

Mlango gani?

Leta ina milango mitatu, na kila mlango una feza yake.

Mlango wa kwanza ni komini na mji. Hapo ndipo kuna tikiti ya soko unayolipa kwa kuweka meza yako. Komini ndipo pia pa kuanzia kwa kuuliza patanti. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo inataka kila muuzaji mdogo, wa sokoni, wa nyumbani au wa kutembeza, awe na patanti. Tikiti ya soko si patanti, na patanti si tikiti. Kuwa na moja hakukuondolei nyingine.

Mlango wa pili ni jimbo letu la Tshopo. Hapo kuna kodi ya nyumba na kiwanja, kodi ya feza unayopata kwa kupangisha nyumba, na ile ya gari na pikipiki.

Mlango wa tatu ni serikali kuu, kwa ofisi ya impo, DGI. Hapo kuna impo ya faida ya biashara, TVA, na impo inayokatwa kwa mishahara. Hapo pia ndipo unapopata nimero impo, namba yako wewe mwenyewe mbele ya Leta.

Mtu akikuomba feza, swali la kwanza ni hili: "Baba, wewe ni wa mlango gani, na hii feza inaitwa nani?" Uliza kwa heshima, bila kelele. Mwenye kazi ya kweli atajibu na kuonyesha karatasi yake ya kazi.

Tarehe gani?

Tarehe 1 Februari: siku ya mwisho ya kutangaza kodi ya nyumba na feza ya kupangisha ya mwaka uliopita. Mama mwenye vyumba viwili vya kupangisha uani, hii inakuhusu.

Tarehe 15 ya kila mwezi: mwenye wafanyakazi wa mshahara anapeleka impo aliyowakata mwezi uliopita. Mwenye biashara ya TVA pia anatangaza siku hiyo, hata kama mwezi huo hakuuza kitu.

Januari na Aprili: hii ndiyo miezi ya impo ya faida. Kwa makampuni, tangazo la mwaka halipiti tarehe 30 Aprili. Sisi wa biashara ndogo, tuende ofisini Januari inapoanza, tuuze kidogo asubuhi na tupande toleka kwenda mjini, tuombe tarehe na kiasi cha mwaka huo viandikwe. Sheria ya feza ya kila mwaka inaweza kubadilisha kiasi, kwa hiyo usitegemee cha mwaka jana wala cha jirani.

Kuchelewa kuna bei. Kila mwezi unaopita unaongeza deni, na kutotangaza kuna faini yake, mbali na impo yenyewe.

Mimi ni mdogo au mkubwa?

Wengi wanasema, "Mimi ni mdogo sana, impo hainihusu." Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka vipimo kwa kuangalia mauzo yote ya mwaka. Angalieni neno hilo: mauzo, si faida. Aliyeuza kwa mwaka franka zisizozidi milioni 10 alilipa kiasi kimoja kilichopangwa kwa mwaka mzima. Kutoka milioni 10 mpaka milioni 80, kipimo kilikuwa asilimia 1 ya mauzo kwa anayeuza vitu, na asilimia 2 kwa anayefanya kazi ya huduma. Kuanzia milioni 80 uliingia katika TVA.

Tupige hesabu kwa siku 300 za kuuza. Mama wa kwanga anayeuza 25.000 kwa siku anafika milioni 7 na nusu. Yuko chini ya milioni 10. Mama mshonaji anayeingiza 40.000 kwa siku anafika milioni 12, na kwa kipimo cha asilimia 2 ni franka 240.000. Mama wa samaki anayeuza 100.000 kwa siku anafika milioni 30, na kwa asilimia 1 ni franka 300.000.

Bila daftari la mauzo, hutajua uko wapi, na mwingine atakupimia kwa macho. Akiona meza imejaa, atasema wewe ni tajiri, hata kama samaki wote ni wa mkopo. Kila jioni, kabla ya kulala, andika mstari mmoja: tarehe na ulichouza. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie. Hilo ndilo daftari la kweli, si lile la mgeni wangu.

Karatasi gani?

Impo halilipwi uani. Ofisi inakuandikia deni lako au inapokea tangazo lako, feza inaingia benki au pale ofisi ilipoandika, nawe unarudi na uthibitisho wa malipo. Angalia jina lako, aina ya kodi, mwaka, kiasi na mhuri. Kimoja kikikosa, usiondoke. Toa kopi, moja ikae sokoni, ya asili ikae nyumbani. Usitupe za miaka iliyopita.

Na yule anayesema, "Nipe nusu tu, yaishe"? Hiyo ni madesu ya watoto wake. Deni lako linabaki pale pale.

Feza itatoka wapi?

Tunajua likelemba. Wamama watano au kumi wa kikundi waanze likelemba ya impo. Mshonaji wetu wa 240.000 akiweka 20.000 kila mwezi, miezi 12 inamaliza deni lote, na feza ya shule haiguswi. Siku ya kwenda ofisini, nendeni wawili au watatu pamoja. Mmoja akisahau swali, mwenzake atalikumbuka.

Neno la mwisho ni kwa mama anayengoja mume amruhusu. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Sasa mume na mke wanapatana. Ongea na baba watoto kwa upole, lakini patanti na nimero impo viwe kwa jina lako kama biashara ni yako. Siku ya shida, karatasi itasema kwa jina lililo juu yake.

Mtoto wangu wa tatu alirudi shuleni, akamaliza mwaka. Siku hizi yeye ndiye ananiandikia mstari wa jioni. Akimaliza ananiuliza, "Mama, ya Leta umeshaweka?" Ninampa ile ya siku, anaihesabu, anaitia ndani ya mkebe.

Kwenye mkutano wenu ujao, kila mmoja alete karatasi zake zote. Zitandazeni kwenye mkeka, mtenge za mhuri na za karanga. Mkeka wenyewe utawaambia mwanzie wapi.