Safari ya miezi mitatu: gari likibaki Kigali, nani ana dhamana nalo?

Mwezi wa Desemba unapoingia, barabara iendayo Kanombe hubadilika sura. Magari yanayoelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali hubeba masanduku hadi kwenye viti vya nyuma, na kwenye lango la ukaguzi abiria hushuka wote, mizigo ikapangwa chini ili ichunguzwe, kisha safari ikaendelea. Kutoka hapo abiria ana njia yake iliyoandikwa kwenye tiketi: anajua ndege gani, saa ngapi, kiti kipi. Gari lililomleta halina tiketi ya namna hiyo. Ama linarudi mjini na mtu mwingine kwenye usukani, ama linabaki kwenye maegesho likimsubiri mwenyewe kwa wiki nane, kumi au kumi na mbili.

Kwa mkaazi wa Kimisagara, suala hili huanzia nyumbani, siku nyingi kabla ya safari. Kata hiyo ya wilaya ya Nyarugenge imejengwa kwenye miteremko iliyo juu ya Nyabugogo, na sehemu kubwa ya nyumba zake hufikiwa kwa ngazi na vichochoro ambavyo hata pikipiki huvipita kwa taabu. Mwenye nyumba huko anaweza kuwa na gari zuri na asiwe na mahali pa kuliingiza. Usiku huliacha kando ya barabara ya lami, kwenye kituo cha mafuta, au katika ua wa mtu mwenye lango na mzamu, kwa malipo ya mwezi. Mpangilio huo unatosha kwa sababu kila alfajiri mwenye gari huja kulichukua, akaona kama kioo kimevunjwa au gurudumu limelala. Akisafiri kwa miezi mitatu, jicho hilo la kila asubuhi linaondoka naye.

Wanaosafiri kwa muda huo ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao Ulaya wakati wa baridi, mara nyingi kwa sababu kuna mjukuu amezaliwa na mama yake anahitaji msaada. Wapo wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, ambao huanza na safari ya siku kumi ikarefuka kwa sababu ya mzigo. Wapo wanaofuata matibabu India. Na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kutokana na vita vya Januari 2025, msafiri wa Kivu Kaskazini naye hulazimika kuvuka mpaka na kuja kupandia ndege Kigali. Anayefika kwa basi hushukia Nyabugogo, chini kabisa ya Kimisagara. Anayefika na gari lake hukutana na swali lile lile.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kuliacha gari Kanombe. Pana uzio, pana taa, pana askari. Lakini maegesho ya uwanja wa ndege hulipiwa kwa muda, na muda ndio kitu ambacho msafiri wa aina hii anacho kwa wingi. Ada inayoonekana ndogo kwa anayekuja kumpokea mgeni kwa saa moja huwa kitu kingine kabisa ikizidishwa kwa siku 75. Gharama ya kukodi teksi kutoka Kimisagara hadi Kanombe, kwenda na kurudi, hulipwa mara mbili tu. Haikui wakati mtu yuko ugenini. Kwa hesabu ya fedha peke yake, safari ya wiki moja yaweza kuhalalisha kuliacha gari uwanjani. Safari ya miezi mitatu ni vigumu sana kuihalalisha.

Hata hivyo si fedha peke yake zinazoamua. Ndege nyingine huondoka usiku wa manane, nyingine hutua alfajiri, na mama mwenye watoto watatu na masanduku matano hawezi kupanda pikipiki. Isitoshe, kuliacha gari Kimisagara si kuliacha bure. Ua hulipiwa, mzamu hulipwa, na mvua haimwombi mtu ruhusa. Mfereji wa Mpazi, unaoteremsha maji ya vilima hivyo hadi Nyabugogo, umeshafurika mara nyingi katika misimu ya mvua kubwa. Anayeondoka katikati ya Desemba huliacha gari wakati mvua za vuli zinakwisha na vumbi la kiangazi kifupi linaanza. Tarehe yake ya kurudi ikisogea hadi Machi, masika yatakuwa yamelikuta gari mahali alipoliacha, na mahali palipokuwa pakavu Januari panaweza kuwa njia ya maji.

Lipo pia suala la gari lenyewe, ambalo wengi hulitambua siku ya kurudi. Gari la kisasa halizimiki kabisa. King'ora, saa na kompyuta zake huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Gari linalotumia miliampia 50 likiwa limeegeshwa hupoteza zaidi kidogo ya ampia-saa moja kwa siku. Betri ya kawaida ya ampia-saa 45 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake baada ya wiki tatu, na huenda isiweze tena kuwasha injini. Magari yanayochanganya petroli na umeme, ambayo yameongezeka Kigali katika miaka ya karibuni, hayajaokoka: yana betri kubwa ya kuendeshea, lakini mengi hutegemea betri ndogo ya volti 12 ili kompyuta iamke, na hiyo ndogo ndiyo hufa kwanza. Kuchomoa waya wa hasi kabla ya kuondoka huokoa betri, ila huua king'ora pia. Fundi yeyote wa Gatsata atamweleza mteja mengine: kujaza upepo wa kutosha ili magurudumu yasilale upande mmoja, kutoacha chakula ndani kwa sababu ya panya wanaotafuna nyaya, kutovuta breki ya mkono kwa miezi isije ikagandamana. Ushauri huo wa mwisho ni mgumu kwa Kimisagara, mahali ambapo ardhi tambarare ni adimu na jiwe nyuma ya gurudumu ni sehemu ya vifaa vya gari.

Njia inayotumiwa zaidi, basi, ni ya kale: kumpa mtu ufunguo. Ndugu, jirani, shemeji au mfanyakazi wa dukani huachiwa gari aliwashe mara moja kwa wiki na kulisogeza kidogo. Kwa upande wa betri na magurudumu, hiyo ndiyo tiba bora kuliko zote. Kwa upande wa uhusiano, ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia hapa. Amana ni kitu unachokabidhiwa ukitunze. Dhamana ni wajibu wa kulipa kikiharibika. Watu hukabidhiana amana kwa maneno mazuri mlangoni, bila kuzungumza hata kidogo kuhusu dhamana. Fiqhi ya Kiislamu, inayofahamika kwa wengi wa wazungumzaji wa Kiswahili wa Biryogo na Nyamirambo, ililitenganisha jambo hili zamani: mtunzaji halipi kitu kilichoharibika bila uzembe wake, lakini akikitumia kwa haja zake bila idhini, dhamana humwangukia. Mtu anayeliendesha gari la mwenzake kwenda harusini Rwamagana hawezi kusema alikuwa analipasha injini joto.

Jijini Kigali siri ya namna hiyo haidumu. Kamera za barabarani, ambazo wakaazi wamezipachika jina la Sophia, husoma namba ya gari, na taarifa ya faini huja kwa ujumbe wa simu. Bibi aliyeko kwenye theluji ya Ulaya anaweza kugundua kwamba gari lake, ambalo aliambiwa limefunikwa turubai, lilikuwa likikimbia kwa mwendo uliokatazwa mchana wa Jumapili. Faini ni kiasi kinachojulikana na hulipwa. Ajali ikimgusa mtu mwingine, mambo huwa mazito zaidi, maana bima hutazama nani alikuwa kwenye usukani, kwa idhini gani, na kama ana leseni.

Bima ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo isiyozungumzwa. Bima ya lazima, ambayo kila gari linalotembea nchini Rwanda sharti liwe nayo, humlipa mtu wa tatu aliyedhurika. Haimlipi mwenye gari likiibwa, likiungua au likisombwa na maji likiwa limeegeshwa. Anayetaka kinga hiyo hununua bima kubwa, na wenye magari yaliyokwisha kutumika kwa miaka mingi aghalabu huikwepa kwa sababu ya gharama. Uzio wa Kanombe hauibadilishi hali hiyo. Tiketi ya maegesho, karibu kila mahali duniani, huandikwa kwa masharti yanayofanana: mwenye uwanja amekodisha nafasi, hakupokea mali. Kwa lugha ya hapo juu, ametoza ada bila kuchukua amana.

Usiku wa tarehe 10 Oktoba 2023 jambo hilo lilijionyesha Uingereza. Gari moja la dizeli liliwaka moto katika jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton, kaskazini mwa London. Moto ukaenea, sehemu ya jengo ikaporomoka, na magari zaidi ya 1,300 yakaharibika. Wenye magari wengi walikuwa safarini, wakapata habari wakiwa nchi za mbali. Walielekezwa kwa kampuni zao za bima, na pale ndipo tofauti kati ya bima kubwa na ndogo ilipokuwa tofauti kati ya kulipwa na kutolipwa. Miezi sita baadaye, tarehe 16 Aprili 2024, mvua ambayo Dubai haikuwa imeiona kwa miaka 75 ilifunika barabara na kuvuruga safari za uwanja wa ndege kwa siku kadhaa. Magari yaliachwa majini, na wasafiri, wakiwemo wa Afrika Mashariki, wakalala kwenye sakafu za kumbi za kusubiria.

Kigali yenyewe ina kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Tarehe 20 Machi 2020, kutokana na janga la korona, Rwanda ilisimamisha safari za ndege za abiria, awali kwa siku 30. Safari za kibiashara zilirejea tarehe 1 Agosti. Aliyekuwa ameondoka kwa wiki mbili alikuta milango imefungwa kwa zaidi ya miezi minne, na katika sehemu ya muda huo hata ndugu aliyekuwa na ufunguo hakuruhusiwa kutoka nyumbani kwenda kuliwasha gari. Sababu nyingine huja bila janga. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda, na baadhi ya safari zikalazimika kuzunguka mbali zaidi. Tarehe ya kurudi iliyo kwenye tiketi ni makadirio, na hesabu yoyote ya maegesho inayoitegemea kama jambo la hakika imejengwa juu ya mchanga.

Mjadala huu utapata uzito mpya uwanja wa Bugesera utakapoanza kazi. Uwanja huo, unaojengwa kwa ushirikiano na Qatar Airways, upo umbali wa takriban kilomita 40 kusini-mashariki mwa Kigali, na katika awamu yake ya kwanza umekusudiwa kuhudumia zaidi ya abiria milioni 7 kwa mwaka. Kwa mtu wa Kimisagara, safari ya teksi ambayo leo ni ya kukatiza mji itakuwa safari ya kuhama mkoa. Hesabu iliyokuwa ikimshawishi aliache gari nyumbani itayumba: teksi itapanda bei, ndugu wa kumsindikiza atalazimika kurudi na gari peke yake usiku kilomita zote hizo, na maegesho ya uwanjani yataanza kuonekana nafuu hata kwa safari ndefu.

Ndiyo maana swali la maegesho ya muda mrefu linapaswa kuulizwa sasa, wakati michoro na ada bado vinaweza kurekebishwa. Viwanja vingi vya Ulaya hutenga eneo la mbali na jengo la abiria, lenye ada ya chini kwa anayekaa wiki nyingi, na basi dogo la kuwaleta watu mlangoni. Eneo la namna hiyo Bugesera lingewafaa wenye magari. Lakini wengi wa wakaazi wa Kimisagara hawana gari, na wenye nalo wangefurahi kutolitumia siku hiyo. Basi la uhakika kutoka Nyabugogo hadi Bugesera, lenye nafasi ya masanduku na linalotembea hata saa nane za usiku, lingewaondolea wote wawili gharama hiyo. Swali la nani atalitazama gari kwa miezi mitatu lingebaki, lakini angalau lingejibiwa kwenye ua wa jirani na mbele ya wakala wa bima, kabla ya siku ya kusafiri, badala ya kujibiwa kwa haraka langoni huku ndege ikisubiri.